Miguu na Kipande

Hamjambo wazee wa mtaa, walimu wenzangu, akina mama mlioviacha vibanda vyenu saa ile ile wateja wanaposhuka matatu, na nyinyi vijana mliojibanza pale mlangoni kama watu wanaopima njia ya kutokea.

Nilipoombwa nizungumzie safari ya mkimbiaji kijana wa mbio ndefu, aliyeniomba alidhani nitamleta hapa mtu wa Iten, au Kapsabet, au Nyahururu. Hao mnawajua. Mimi nimekuja na Mwingereza. Nimeusikia mguno huo, na sishangai: nchi yenye wakimbiaji wa kugawia dunia nzima inaazima wa nini? Nivumilieni kidogo. Mwingereza huyu hakuzaliwa Uingereza, jina alilokimbia nalo halikuwa lake, na nikiwaeleza alikotoka, wale mliovuka Juja Road kuja hapa kutoka Islii mtaona kama nasimulia habari za jirani.

Namzungumzia Mo Farah. Medali zake kumi za dhahabu, nne za Olimpiki na sita za dunia, nitazipitia mbio mbio, maana zimekwisha kuandikwa na kila mtu. Ninachokitaka mimi ni ile miaka minane hivi, tangu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hadi alipotimiza ishirini, kabla hajawa mtu.

Alizaliwa mwaka 1983 kaskazini mwa Somalia, sehemu ambayo leo inajiita Somaliland, akapewa jina Hussein Abdi Kahin. Baba yake aliuawa vitani yeye akiwa na miaka minne. Akiwa na miaka kama tisa, mwanamke asiyekuwa hata jamaa yake alimtoa Djibouti akampeleka London kwa hati za mtoto mwingine, aitwaye Mohamed Farah. Kijana alikuwa na karatasi yenye anwani ya ndugu zake waliokuwa Uingereza. Walipofika nyumbani kwa mwanamke huyo, karatasi ilichukuliwa, ikachanwa mbele ya macho yake, ikatupwa pipani. Kisha akaonyeshwa kazi: kuosha vyombo, kupiga deki, kuwaogesha watoto wa wenyewe. Kwa lugha ya mtaani kwetu, alikuwa hausboi. Hausboi wa miaka tisa. Haya yote aliyasema mwenyewe hadharani Julai 2022, kwenye filamu ya BBC, akiwa mtu mzima mwenye watoto wake na cheo cha Sir mbele ya jina.

Shule aliipata amechelewa, kwenye kitongoji kiitwacho Feltham, magharibi mwa London. Feltham haina kilima cha kumfundisha mtu mbio. Ina ndege. Zinapita chini chini zikienda kutua Heathrow, mwalimu ananyamaza darasani hadi ipite. Mkitaka kuiona Feltham, simameni Second Avenue ndege ya jeshi inapoinuka kutoka Moi Air Base.

Kiingereza cha kijana kilikuwa cha kuokoteza na darasani alikuwa mtundu. Mwalimu wa michezo wa shule ile, Alan Watkinson, ndiye aliyeona kwamba akifika uwanjani mtoto anakuwa mtu mwingine. Mtoto mwenyewe alitaka mpira; ndoto yake ilikuwa kucheza winga Arsenal. Mwalimu akafanya biashara naye: cheza mpira wako nusu saa, halafu twende kwenye mazoezi ya riadha. Nimefundisha michezo miaka mingi katika shule za huku kwetu, na nawaambia hiyo ndiyo saikolojia yote ya ukocha wa watoto. Yaliyobaki ni saa ya kupimia.

Mwaka 1996, akiwa na miaka kumi na mitatu, aliingia mbio za nyika za shule za Uingereza akawa wa tisa. Mwaka uliofuata akashinda. Nafasi ya tisa, vijana, si aibu.

Siku moja mtoto alimwambia mwalimu ukweli: yule mama si mama yangu, na jina hili si langu. Mwalimu akaenda kwa watu wa ustawi wa jamii, kijana akahamishiwa kwa familia nyingine ya Kisomali, akaanza kulala usingizi wa mtoto. Hapo ndipo nawaomba mnisikilize vizuri. Alipofika kama miaka kumi na minne alichaguliwa kwenda kukimbia kwa niaba ya shule za Uingereza huko Latvia. Hakwenda. Hakuwa na hati ya kusafiria, kwa sababu kwa serikali hakuwa mtu anayejulikana. Miguu ilikuwa tayari, tiketi ingepatikana, ila kipande hakikuwepo.

Watkinson akageuka karani. Aliandika barua, akajaza fomu, akafuatilia ofisi hadi ofisi. Tajiri mmoja mpenda riadha, Eddie Kulukundis, alilipa gharama za mawakili. Julai 2000 kijana akapata uraia, kwa jina la Mohamed Farah. Mwaka mmoja baadaye, 2001, huko Grosseto, Italia, alishinda mita 5,000 katika mashindano ya vijana ya Ulaya. Hesabuni wenyewe. Mwalimu hakumwongezea kasi hata sekunde moja kwa kujaza fomu, lakini bila fomu ile Grosseto isingekuwepo.

Kuna jambo langu hapa, na nalisema ili msidhani nimekuja kuwahubiria. Niliwahi kuwa na msichana katika shule mojawapo ya huku, mtoto wa Islii, mrefu, mkimya, anayekimbia na buibui amelifunga kiunoni. Mita 3,000 alikuwa akiwaacha wavulana mzunguko mzima. Alipochaguliwa kwenda mashindano ya mkoa, karatasi ikaja: cheti cha kuzaliwa. Hakuwa nacho. Alizaliwa nyumbani, hapa hapa Nairobi, na mama yake alikuwa akiogopa ofisi yoyote yenye bendera. Msichana alisimama mbele ya meza yangu na viatu mkononi. Nikamwambia, "Mwaka ujao, tutaona." Nilikuwa na timu ya watu kumi na wanane wa kusafirisha, na basi lilikuwa limeshawashwa. Mwaka ujao hakurudi kwenye mazoezi. Nilimkuta baada ya muda mrefu, anauza vitambaa kwenye duka karibu na Garissa Lodge. Akaniita Mwalimu, akanipunguzia bei, akaniuliza kama bado nafundisha mbio. Nilinunua kitambaa nisichokihitaji.

Basi Mo Farah ninapomsoma, simwoni yeye kwanza. Naiona ile meza, na mimi nyuma yake.

Na tusiseme haya ni ya Wasomali peke yao. Mitaa yetu hii ilijengwa kwa kipande, ile hati ya mkoloni. Tangu miaka ya 1920 Mwafrika aliyetaka kufanya kazi Nairobi alikitundika shingoni ndani ya kibweta cha chuma, kama kengele ya mbuzi. Pumwani, Kaloleni, Bahati, zote ziliwekwa upande huu wa mji ili wenye vipande wajulikane walipo usiku. Aprili 24, 1954, alfajiri, wanajeshi na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji katika operesheni waliyoiita Anvil. Watu walitolewa nyumbani, wakapangwa chini, na watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho wakapita wakinyoosha kidole. Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya 20,000 walipelekwa kambini. Baadhi ya wazee mlioketi mbele hapa mlikuwa watoto siku hiyo.

Sasa angalieni kalenda. Anvil ni Aprili. Julai ya mwaka ule ule, miezi mitatu tu baadaye, Wakenya wawili walikuwa White City, London, wakikimbia mbele ya Waingereza waliolipa kiingilio: Lazaro Chepkwony, Mnandi, na Nyandika Maiyoro, Mkisii. Chepkwony alikimbia maili sita akiwa peku, akiongeza kasi ghafla, akipunguza, akiongeza tena, mpaka wenzake wakachanganyikiwa. Mwishowe akatoka kabla ya kumaliza, na waandishi wakacheka. Siku iliyofuata Maiyoro akatimka mwanzoni mwa maili tatu akawaacha mbali. Wakamfikia, naam, lakini kwa kumfukuza, Fred Green na Chris Chataway walivunja rekodi ya dunia kwa dakika 13 na sekunde 32.2. Maiyoro akawa wa tatu. Hiyo ndiyo siku ambayo Uingereza iligundua kwamba Kenya ina miguu. Walikokuwa wenye miguu mingine Julai hiyo, mnajua: nyuma ya seng'enge, Mackinnon Road na Manyani.

Mwaka 1989 serikali yetu wenyewe, ya bendera yetu, iliwaamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wajiandikishe upya, na waliopita mchujo wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kutembea nayo juu ya kitambulisho. Kisha ikaja Aprili 2014. Baada ya mabomu kulipuka Islii, serikali ilianzisha operesheni ya Usalama Watch, na maelfu walikamatwa mitaani. Ni miaka sitini kamili tangu Anvil, mwezi ule ule. Vituo vya polisi vilipojaa, watu walipelekwa kupigwa msasa Kasarani. Ndiyo, uwanjani. Uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, wenye njia nane za kukimbilia. Akina mama walisimama nje ya geti na maziwa ya watoto mkononi wakingoja kujua nani ana karatasi na nani hana.

Miaka mitatu baadaye, Julai 12 hadi 16, 2017, Kasarani ikapokea mashindano ya dunia ya riadha kwa vijana wasiozidi miaka kumi na saba. Uingereza haikuleta timu. Wala Marekani, wala Australia, wala nchi nyingine kadhaa. Walisema ni sababu za usalama. Sitawacheka: shambulio la Westgate lilikuwa la 2013, la Chuo Kikuu cha Garissa 2015, na uchaguzi ulikuwa unakuja Agosti. Mzazi wa Birmingham ana haki ya kuogopa kama mzazi wa Buruburu. Lakini fikirini: vijana wenye pasipoti nzuri kuliko zote duniani walikaa nyumbani, na uwanja ambao jirani zangu waliuogopa kwa kukosa kitambulisho ukafunguliwa kwa kila mtu.

Nilikwenda siku ya mwisho. Nilipanda matatu hadi Outer Ring, msongamano ukanishinda, nikashuka nikatembea na vijana wa Kariobangi, Dandora na Mathare waliokuwa wakienda kwa makundi kama watu wa maulidi. Viti 60,000 vilijaa. Waliokosa nafasi walibaki nje wakisikiliza kelele. George Manangoi alikuwa ameshinda mita 1,500, na msichana mmoja aitwaye Mary Moraa alikuwa ameondoka na fedha ya mita 400. Mwaka 2023 huko Budapest msichana huyo akawa bingwa wa dunia wa mita 800. Kando yangu alikaa kijana wa Islii amejifunga bendera ya Kenya mabegani. Nikamuuliza kama amewahi kufika Kasarani kabla ya hapo. Akasema, "Mara moja." Sikumwuliza mwaka gani.

Siku kumi na tisa baadaye, Agosti 4, Mo Farah alishinda mita 10,000 za dunia mjini London kwa dakika 26 na sekunde 49. Mganda Joshua Cheptegei akawa wa pili na Mkenya wetu Paul Tanui wa tatu. Wakenya na Waganda walimsukuma kwa zamu ili kumchosha, asichoke. Mwaka 2021 Kasarani ilipoandaa mashindano ya vijana wasiozidi miaka kumi na tisa, Waingereza hawakuja tena, safari hii kwa ajili ya korona, na Kenya ikaongoza kwa dhahabu nane ndani ya uwanja usio na watazamaji.

Kijana mmoja pale mlangoni anataka kuniuliza: Mwalimu, kwa hiyo mtu akipewa pasipoti anakuwa Mo Farah? La, mwanangu. Baada ya Grosseto alikaa miaka minne akiwa mkimbiaji mzuri wa kawaida. Alicheza michezo ya video usiku, alikula chipsi. Kilichombadilisha kilitoka kwetu. Mwaka 2005 alihamia nyumba moja huko Teddington walimoishi Mwaustralia Craig Mottram na kundi la Wakenya, mmoja wao Micah Kogo, ambaye baadaye alipata shaba ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Beijing. Farah amesimulia alichokiona: wanakula, wanalala, wanakimbia, wanapumzika, basi. Ugali mezani, taa zimezimwa saa tatu usiku. Aliona aibu, akazima na yake. Mwaka uliofuata alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 9, na Waingereza wote waliowahi kuishi ni mmoja tu aliyekuwa amemtangulia. Kwa hiyo siri ya Kenya ambayo wazungu wanaipanda milima ya Elgeyo kuitafuta ilikuwa kitanda. Nyinyi mnaochezea simu hadi saa nane usiku, nimemaliza.

Ya baadaye yana giza lake pia. Mwaka 2011 alihamia Marekani kwa kocha Alberto Salazar, na Salazar alifungiwa miaka minne mwaka 2019 kwa kukiuka kanuni za dawa. Farah alikuwa amekwisha kumwacha mwaka 2017, na yeye mwenyewe hakupatikana na kosa. Nataja ili asije mtu akasema nimepaka chokaa. Nchi yenye orodha ndefu ya waliofungiwa kama yetu haina mdomo wa kumcheka mtu.

Kuna wanaoniambia Eastlands haiwezi kutoa mkimbiaji wa masafa marefu: hakuna mlima, hakuna hewa, damu si ile. Tumeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, watu wa Feltham wako karibu na usawa wa maji. Na damu yenyewe, tangu Naftali Temu, Mkisii, ashinde mita 10,000 za Olimpiki kule Mexico mwaka 1968, hakuna mwanamume mwingine wa Kenya aliyeirudia dhahabu hiyo. Farah ameichukua mara mbili, London 2012 na Rio 2016, na Rio alianguka katikati ya mbio, akainuka, akashinda.

Viwanja, hapo mna haki ya kulalamika. Mnakumbuka Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Langata Road walivyorushiwa gesi ya machozi walipouangusha ukuta uliojengwa kwenye kiwanja chao. Nchi nzima ilipiga kelele, na kiwanja kikarudishwa. Kiwanja kikinyakuliwa tunaona ukuta. Mtoto asipoandikwa hatuoni kitu, kwa sababu yeye mwenyewe hutoweka polepole: haji mazoezini, haji shuleni, unamkuta dukani. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba ule msasa wa vitambulisho kwa watu wa kaunti za mpakani umekwisha. Nimefurahi. Lakini kitambulisho huombwa ukiwa na miaka kumi na minane, na mkimbiaji huonekana akiwa na kumi na mitatu. Huyo wa kumi na mitatu anahitaji cheti cha kuzaliwa, na cheti hakiombwi na Rais. Kinaombwa na mzazi, na mzazi akiogopa, na mwalimu.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu. Jumatatu asubuhi, kabla ya kuuliza nani anataka kukimbia, ulizeni nani hana cheti. Ulizeni faraghani, mtoto asiaibike. Tafuteni kadi ya kliniki, barua ya chifu, vitambulisho vya wazazi, chochote kilichopo. Na msimwambie mtoto "mwaka ujao". Mimi nimestaafu, nina muda. Jumatatu hiyo saa mbili nitakuwa kwenye foleni ya Huduma Centre, Makadara, upande wa kushoto. Mkiwa na mtoto, mleteni tupange foleni pamoja.